Pilipili Kwenye Mswaki wa Mjomba

Nianze na upumbavu wangu. Mjomba, kaka yake mama, tunakaa naye nyumba moja. Kila siku kabla ya swala ya alasiri hulowesha kijiti chake cha mswaki kwenye bilauri ya maji ili ncha ilainike. Siku hiyo, mama yuko sokoni, nikamkamulia pilipili mle bilaurini. Tatu, zile kali. Kisha nikakaa barazani na daftari la hesabu, mtoto mwema kabisa.

Alisugua mara mbili. Ya tatu akanguruma. Fizi zake zilikuwa zishaliwa na tambuu miaka mingi, na pilipili ikaingia kila kidonda. Akaninyakua shingo, nikachomoka, akanirushia mbuzi ya kukunia nazi, chuma mbele. Ikanichana juu ya sikio. Tukabaki uani tukitazamana, mimi navuja sikio, yeye anatema damu.

"Mswaki sitii tena kinywani!" akaapa. "Na wewe nitakuchinja!"

Kunichinja alisahau. Mswaki hakusahau. Mwezi mzima hakusugua. Fizi zikavimba, rangi ya biringani, na akicheka meno yana damu; mama akidhani ni wekundu wa tambuu anayotafuna. Nikamuuliza kama amekula paka wa jirani.

Kisha wezi wa nazi walimkuta shambani Gede, mchana kweupe, wakampiga rungu la kichwa. Tulimwona wodi ya mahututi, uso umefura kama tikiti, mpira umepitishwa mdomoni hadi kwenye koo la pumzi. Mashine ilimsukumia hewa, kifua kikiruka kama kuna mtu ndani anampiga mateke. Siku ya nne homa ikampanda. Muuguzi akamfyonza makohozi kwa mrija: kijani, yana damu.

"Nimonia," akasema. "Fizi zake zimeoza, na uchafu wa kinywani unateremka kando ya mpira hadi mapafuni. Twamsugua kila siku, lakini alikuja hivi. Kwani nyumbani hakuwa akipiga mswaki?"

"Kakangu?" mama akawaka. "Kijiti hakimtoki mdomoni! Nyinyi ndio mwamuua!" Akamkaba muuguzi kola, ngumi juu.

Ningeweza kunyamaza. Nikasema yote, mpaka idadi ya pilipili.

Ngumi ikabadili njia. Niliangukia kiti cha plastiki, kikavunjika mguu, na mdomo wangu ukajaa damu. Mama akavua kiatu. Muuguzi ndiye aliyemdaka mkono.

"Mama, kilichomleta hapa ni rungu. Na tambuu nayo ina lake. Huyu mwache aone kazi."

Nikaona. Mswaki mdogo laini, jino kwa jino, ukingo wa fizi kwa ukingo, mate na damu vikifyonzwa na mrija. Mjomba hata kope hatikisi. Mtu wa kurusha mbuzi, yule! Nilitamani anitukane.

Walimchoma dawa siku nyingi, na mara mbili mama aliambiwa aite ndugu. Hatimaye homa ikashuka, mpira ukatolewa. Mjomba akafumbua jicho moja, akaniona, akajaribu kukunja ngumi. Mkono ukaanguka. Muuguzi akaleta mswaki. Mjomba akauma meno, macho kwangu.

Mama akauchukua ule mswaki, akanipachika mkononi.

"Msugue," akasema. "Akikuuma, mwachie hicho kidole."