Bido Yenye Kitambaa Chekundu

Nitasema bila kuficha, maana nimeshapita umri wa kuona haya: nilimwonea wivu rafiki yangu kwa sababu ya ufunguo wa robine ya maji. Si mume, si nyumba. Ufunguo mmoja wa chuma, mfupi kuliko kidole changu.

Tulizaliwa avenyu moja hapa mjini Baraka, kando ya ziwa. Vita vilipokuja tulikimbia katika mtumbwi mmoja, tukakaa kambini ng'ambo ya ziwa, milango yetu ikitazamana, na tukarudi pamoja. Tulikuwa sawa kwa kila kitu. Halafu wafadhili wakaleta maji ya bomba kutoka mlimani. Fundi akapimapima, akasema robine ya avenyu yetu itasimama mbele ya parseli ya nyumba ya rafiki yangu, kwa kuwa pale ardhi ni ngumu. Ardhi ngumu! Parseli yangu iko hatua kumi tu kutoka pale. Na sosiete, kampuni iliyopewa kusimamia maji, ikampa yeye ufunguo, awe anafungua asubuhi na kufunga jioni.

Toka siku hiyo nikaanza kuungua. Kanisani bamama walimsogezea nafasi kwenye benchi. Sokoni wauza samaki wa ndagala walimwongezea. Mimi niliyekaa naye dawati moja nikageuka kuwa "jirani ya mama wa robine". Akicheka na watu kwenye foleni, nilihisi ananicheka mimi. Akinisalimia kwa upole, nilisema moyoni, ona anavyojidai. Akinyamaza, nilisema, ona kiburi. Aka! Hakuwa na njia ya kunipendeza.

Kwetu foleni ya maji ni ya bido, madumu ya kutekea, si ya watu. Unaweka bido yako alfajiri, umeifunga kitambaa chako kwenye mkono wake, unakwenda zako kuwasongea batoto bugali, bido inakusimamia. Kitambaa cha kila mtu kinajulikana kama uso wake. Chake kilikuwa chekundu, changu cha njano, nilikikata kwenye kitenge kikuukuu. Na mwiko ni mmoja: bido ya mwenzako huigusi. Ukishikwa unaisogeza, unarudi kuteka ziwani, kwenye kipindupindu, na aibu juu.

Kiangazi kilichopita bomba lilipasuka kule juu, robine ikawa inadondosha kidogo tu. Majuma yakapita, sosiete inasema fundi yuko njiani. Njia gani, hatukuambiwa. Watu wakachoka. Shefu wa avenyu akatuita kwenye uwanja wa shule: je, tuyachukue maji yawe mali yetu, na komite yetu na fundi wetu, au tuwaache sosiete waendelee?

Muzee mmoja muvuvi akasimama wa kwanza. "Kitu ya bote haina mwenyewe," akasema. "Ile pikipiki ya kartye iko wapi leo?" Watu wakacheka kwa uchungu. Pikipiki ile, mali ya mtaa mzima, iliishia kubeba mihogo ya jamaa mmoja huko Kilembwe.

Mama mmoja akamjibu: "Na mutumbwi yako, muzee, nani anaizibaka ikitoboka? Si we mwenyewe? Haungoji mugeni!"

Nikasimama na mimi. Nilisema vizuri, haki ya Mungu. Nikasema chanzo kiko kwenye mlima wetu, mitaro tulichimba kwa mikono yetu, na batoto wanaougua tumbo ni wetu. Wakanipigia makofi. Lakini nilikuwa na jambo moja tu moyoni: komite mpya itachagua upya mwenye ufunguo. Maji yalikuwa mdomoni, ufunguo ulikuwa rohoni.

Shefu akasema tutapiga kura kwa bido. Kesho asubuhi kila nyumba ilete moja, tupu. Wanaotaka tuchukue maji waweke upande wa ukuta wa shule. Wanaotaka sosiete waweke upande wa barabara.

Nilifika mapema, uwanja ukiwa bado mtupu. Rafiki yangu alikuwa amenitangulia, ameweka yake na kurudi kufungua robine. Kitambaa chekundu kilikuwa upande wa ukuta. Upande wangu! Damu ikanichemka. Hata hili? Autoe ufunguo kwa hiari yake, asifiwe tena? Nikatazama huku na huku. Nikaweka yangu pale pale, nikaishika bido yake, nikavuka nayo uwanja, nikaitua upande wa barabara. Nilitaka watu waione waseme: kumbe anakula na sosiete.

Nikakaa kwenye ngazi ya darasa kuingoja aibu yake. Wa kwanza kuja alikuwa mama aliyenipigia makofi kuliko wote jana yake. Akaona kitambaa chekundu, akasimama.

"Kumbe ye iko upande huu? Ye anajua hii maji kupita siye bote." Akatua bido yake nyuma ya ile.

Mwingine akafuata. Na mwingine. Hakuna aliyesema anakula. Hotuba yangu yote, makofi yote yale, yameshindwa na bido tupu ya mwanamke ambaye hata hakuwepo! Mstari wa barabara ukafika mpaka kwenye mtaro. Shefu hakuwa na haja ya kuhesabu.

Alipokuja kuchukua bido yake, rafiki yangu aliutazama ukuta, pale kitambaa changu cha njano kilipokuwa. Kisha akakitazama kitambaa chake kule barabarani. Kisha akanitazama mimi. Neno moja tu, na ningeteka ziwani mpaka kufa. Akaiinua bido yake, akasema, "Twende, dada. Batu banangoja maji."

Njiani nikashindwa kuvumilia. "Juu ya nini haukusema?"

"Niseme nini? We ni dada yangu." Akatembea kidogo. "Mugongo inaniuma sana, dada. Nilitaka batu bachukue hii maji, kisha niseme mbele yao funguo bakupe we. We unajua kusema na batu."

Nililia pale pale njiani, na yeye akanishika mkono akidhani ni aibu. Aibu ilikuwepo, ndiyo. Lakini hata kwa kule kunyamaza kwake nilimwonea wivu, kwa sababu nilijua mimi ningepiga kelele mpaka watu wa Ubwari, ng'ambo ya ghuba, wasikie.

Sosiete bado wanasimamia maji. Kila alfajiri naweka bido yangu mbele ya parseli yake. Anainama na ule mgongo wake, anaijaza, ananitwisha kwa mikono miwili, na mimi nasema, "Aksanti, dada."