Wasomaji Niliowakusanya kwa Vyura

Mtandaoni nilijulikana kwa vyura. Mvua kubwa ikinyesha, klabu yenye makao yake bondeni Jangwani ilizungukwa na maji, nami niliandika kwamba imesajili vyura wawili na kambare wa kukaa golini. Nilikuwa nauza viatu vya mitumba Mchikichini. Shule niliacha wazazi walipofariki, nikabaki na wadogo zangu watatu. Lakini kwenye jukwaa la mpira la mtandaoni, watu wenye kazi za ofisini waliniita Mkuu. Niliandikia kwenye intaneti kafe moja ya Kariakoo, ndani ya jengo lililokuwa zamani duka la ushirika. Jukwaa lilikuwa na ukumbi mwingine wa shida za mtaani: mitaro, maji, shule. Sisi wa mpira tuliuita kanisani, maana kule hakuna utani.

Siku moja mvua ilianza asubuhi, mdogo wangu wa mwisho, msichana wa miaka kumi na mitatu, akiwa ameshavuka bonde kwenda shule Magomeni. Mchana barabara ya bondeni ikafungwa. Hakurudi. Nilisimama ukingoni mpaka askari wakatufukuza. Maji yalikuwa yanapita na milango ya watu. Simu hatukuwa nayo, wala ndugu ng'ambo ile.

Kesho yake kafe ilipofunguliwa niliingia wa kwanza. Wasomaji wangu wengi walikaa Magomeni. Niliandika: "Jamani, mdogo wangu wa kike hajarudi tangu jana. Maji ya Jangwani. Aliyemwona aniambie."

Majibu yalikuja haraka kuliko siku zote.

"Mkuu kaanza!"

"Kasajiliwa namba ngapi huyo?"

"Beki wa kushoto, anajua kuogelea."

"Sitanii," niliandika. "Nawaombeni."

"Hata kambare ulisema hutanii. Endelea bwana, ofisi nzima tunakusoma."

Hasira sikuwa nayo. Mimi ndiye niliyewazoesha. Mwaka mzima nimewaita kwa vyura, wakaja wanaopenda vyura, na angekuwa mwingine ameandika vile, ningecheka kabla yao.

Nikaingia kanisani. Sikujua kuandika kule. Nilianza na shikamooni, kisha nikaeleza kama ninayesimama mbele ya mjumbe wa nyumba kumi: jina lake, sketi ya buluu, kovu la moto mkononi. Muda mrefu hakuna kitu. Halafu mama mmoja akajibu.

"Marahaba. Wewe si yule wa vyura?"

"Ndiye, mama."

"Kovu mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Nakaa karibu na shule walikolala watoto waliokwama. Usitoke hapo. Nakwenda kuangalia."

Muda niliolipia ulikwisha. Msichana wa kafe aliangalia kioo cha kompyuta, akasoma, akasema, "Kaa tu, kaka." Kule kwenye mpira walikuwa ukurasa wa tatu, wameshampa mdogo wangu jezi. Nilifikiria wale wawili waliobaki nyumbani, nitawaambia nini nikirudi mikono mitupu. Niliwaahidi siku ya mazishi ya mama kwamba hatapungua mtu.

Jibu lilikuja karibu na adhuhuri.

"Yupo. Ana homa na hajala tangu jana. Anauliza kama utamchapa, maana madaftari yote yamelowa."

Nilitaka kuandika. Nilibonyeza herufi zisizo sahihi, nikafuta, nikakosea tena. Msichana wa kafe akavuta kibodi upande wake, akaandika yeye: "Mwambie hachapwi. Kaka yake anakuja."