Mama Wawili Kwenye Faili Moja

Nilipoacha kazi kiwandani Kihonda, baada ya miaka kumi na minne ya kuhesabu madumu ya mafuta ya alizeti stoo, nilidhani nimemalizana nao. Nilitoa notisi kama inavyotakiwa, nikakabidhi funguo, wenzangu wakaninunulia kitenge na soda. Malipo ya mwisho yalikuwa na kazi yake tayari. Mwanangu alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi na ada ilitakiwa kabla ya Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ujumbe wa benki ulipoingia kwenye simu niliusoma mara tatu. Fedha iliyoingia haikufika hata nusu ya ile tuliyokubaliana.

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Jumatatu saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni kwa mhasibu, na maneno niliyoyapanga njia nzima hayakuwa ya kusemwa mbele ya watoto. Lakini mhasibu mwenyewe alikuwa kijana mpole, hana hata mwaka pale. Alinipa shikamoo, akanivutia kiti, akafungua faili langu na kuniwekea mezani fomu mbili. Zote zilikuwa za likizo ya msiba, zote kwa mwandiko wangu. Moja ilikuwa ya miaka mitano nyuma, nyingine ya mwaka jana. Pale panapoulizwa uhusiano na marehemu, zote mbili nilikuwa nimeandika: mama mzazi.

"Mama," aliniambia taratibu, "mtu hafiwi na mama mzazi mara mbili."

Hasira yote iliniishia pale pale kwenye kiti.

Ilibidi nimweleze mambo ya kwetu. Mimi ni mtu wa milimani, wa Kinole, na kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mama yangu mkubwa hakujaliwa kuzaa. Mdogo wake aliponizaa mimi, na nikaacha ziwa, alinibeba mgongoni akanipeleka nyumba ya dada yake, akarudi kwake mgongo mtupu. Hakuna walichoandikishana. Tangu siku hiyo yule mkubwa akawa ndiye mama, na aliyenizaa akawa mama mdogo. Haikuwa siri, niliambiwa mapema kabisa. Ila kumwita aliyenizaa mama mbele ya aliyenilea kungekuwa kumvunjia heshima mlezi wangu, kwa hiyo sikumwita. Baadaye mama mdogo alimzaa binti mwingine, na huyo akakaa naye mwenyewe.

Watu walipenda kusema kuzaa si kazi, kazi kulea. Walisema hata mama mdogo akiwa pale pale amekaa anamenya ndizi, naye aliitikia kwa kichwa kama wengine. Nilikuwa mtu mzima mwenye watoto wangu ndipo nilipoanza kuona jinsi alivyokuwa akiinama zaidi juu ya sufuria kila msemo ule ulipotajwa. Niliona, na bado niliendelea kumwita mama mdogo. Naumia mpaka leo ninapokumbuka hilo.

Aliyenilea alipofariki niliijaza fomu ya kwanza bila kuwaza chochote. Mama yangu amekufa, niandike nini kingine? Kiwanda kilikuwa na utaratibu wake: ukifiwa na mzazi, mwenzi au mtoto, unapata siku za malipo, gari la kupeleka wenzako msibani, sanda na rambirambi. Ukifiwa na mama mdogo unapewa pole ya mdomo.

Mwaka jana, aliyenizaa alipofariki, kalamu ilisita. Kisha niliandika mama mzazi, kwa sababu ilikuwa kweli na sikuwahi kuitamka. Gari la kiwanda lilipanda mpaka Kinole. Mwenzangu wa stoo alisimama mbele ya wafiwa akaisoma barua ya rambirambi, kwamba kiwanda kinampa pole mfanyakazi wake kwa kufiwa na mama yake mzazi. Wanawake waliokuwa mkekani wakageuka kunitazama. Mdogo wangu, yule binti, akalia kilio ambacho hakukitoa hata jeneza lilipotoka ndani. Baadaye aliiomba ile barua, nikampa.

Mhasibu alinisikiliza mpaka mwisho. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hakuniita mwongo. Alisema wakaguzi wa hesabu ndio walioziona zile fomu, na kwa kuwa hawakujua msiba upi ni wa kweli, wakaagiza gharama za yote miwili zikatwe kwenye mafao yangu, siku za likizo pia. Kisha akatoa nakala ya cheti changu cha kuzaliwa. Jina la mama lilikuwa la yule aliyenilea. Yeye ndiye aliyenipeleka shule, yeye ndiye aliyeandikwa kila mahali.

"Kwa karatasi, wa kwanza ndiye mama yako," alisema. "Uniandikie maelezo kwamba wa pili alikuwa mama mdogo. Makato ya msiba wa kwanza nitayarudisha wiki hii hii."

Alitaka na barua ya rambirambi irudi, kwa sababu ilikuwa na muhuri na saini ya meneja na wakaguzi walitaka kuiona imefutwa. Nikamuuliza, je, nikitaka kusema kinyume chake? Akanihesabia: kiapo cha mahakamani, barua ya mtendaji wa kijiji, kubadilisha cheti, kisha kusubiri. Inaweza kuwa miezi. Mlinzi wa getini, ambaye alijua shida yangu kabla sijamweleza, alinishauri niende ofisi ya kazi mjini. Ningeenda kusema nini wakati fomu zote mbili nilizijaza mimi? Na hela ya msiba mmoja ingetosha kufikisha ada. Nikaona njia ni moja.

Jumanne nilipanda Kinole. Nilimkuta mdogo wangu uani anaanika pilipili manga. Nilimweleza yote: ada ya mwanangu, wakaguzi, cheti, na barua inayotakiwa irudi. Nikamwambia ni karatasi tu, kwamba watu wa kwetu wote wanajua ukweli na hakuna muhuri unaoweza kuubadilisha. Nilisema sana. Yeye alikuwa anageuza pilipili kwa viganja, hakuinua macho mpaka nilipomaliza.

"Mama alikufa hajakusikia ukimwita," alisema. "Mimi nikajipa moyo kwamba angalau uliandika."

Nikamwambia niliandika kutoka moyoni.

"Na gari?"

Niliandika kutoka moyoni, naapa. Lakini siku ile nikiwa na kalamu mkononi niliwaza pia gari, na sanda, na wenzangu wa Kihonda wakishuka mbele ya watu wa kijiji. Nimejaribu mara nyingi kuyatenganisha mawazo yale mawili ili nijue lipi lilitangulia, na nimeshindwa. Mdogo wangu alifuta mikono kwenye khanga, akaingia ndani, akatoka na barua ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya kliniki ya marehemu. Kadi akaitoa, akabaki nayo. Barua akanipa.

Jumatano niliandika maelezo. Mhasibu alinisaidia maneno, nami nikayanakili kwa mwandiko wangu ule ule wa kwenye fomu: marehemu hakuwa mama yangu mzazi. Nilisaini chini yake. Yeye akapiga mistari miwili juu ya barua, akagonga muhuri na kuifungia kwenye faili. Alhamisi hela iliingia na ada ikalipwa. Mwanangu anasoma vizuri. Sijamwambia, na sioni kwa nini abebe mzigo ambao si wake.

Nikipanda Kinole siku hizi mdogo wangu ananipokea kwa heshima zote. Ananiamkia, ananichinjia kuku, ananifungia ndizi za kurudi nazo mjini. Hatujagombana hata siku moja. Baada ya msiba, kwa miezi michache, alikuwa amezoea kusema mama yetu: mama yetu alipenda hiki, mama yetu alikuwa akisema vile. Nami nilikuwa nasikiliza, nimefurahi kama mtoto. Sasa anasema mama yangu, na mimi ninampa pole.