Mume wangu alitaka kuvuka nchi kwa baiskeli, nikampangia njia kupitia kwa wakwe zake

Wakuu, salaam kutoka Juba, Hai Malakal. Haya sikusimuliwa na jirani, mhusika ni mimi mwenyewe na hasira bado ninazo.

Mume wangu ni Mkenya, anafanya kazi hotelini. Mimi ni wa hapa, kwetu Mundri, ila nilisoma sekondari Kenya, kwa hiyo Kiswahili changu mtakivumilia.

Mwezi huu ana leave. Tulikubaliana kitambo: yeye akae na mtoto wetu wa miaka miwili, mimi niingie kozi ya ushonaji kule Hai Jalaba. Mwezi mzima, asubuhi hadi jioni, na mtoto haruhusiwi hata mlangoni. Usipotokea siku ya kwanza, nafasi anapewa mwingine.

Wiki moja kabla, namkuta ametandaza ramani juu ya nguo nilizotoka kupiga pasi.

"Mama Joyce, mimi na Okello tunavuka nchi! Nimule mpaka Wau, kwa baiskeli!"

Okello ni fundi wake wa baiskeli, Mganda. Alikuwa amekaa hapo anakunywa chai yangu.

"Mimi iko tayari kabisa," akasema.

Nani alikuuliza?

Nikamuuliza mume wangu, na kozi yangu? "Si utafanya hata mwakani." Halafu akaenda kuvaa suruali ya baiskeli ili nimuone. Ile ya kubana. Wakuu, baba mzima, kila kitu kinasalimia wageni.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mwanamume ukimkataza ni kama umemwagia moto petroli. Nikainama nikasoma ile plan yao.

Walikuwa wameandika kilomita, maji, mpaka spoku za akiba. Hawakuandika watalala wapi.

"Baba Joyce," nikasema kwa sauti ya kanisani, "malazi niachieni mimi."

Wakafurahi! Okello akajiongezea sukari.

Ndugu zangu wamejaa kwenye barabara hiyo, kuanzia Rokon hadi Mundri na kuendelea. Nikawapigia wote, shangazi, wajomba, mama mzazi. Mkwe anakuja kuwasalimu, nyumba kwa nyumba.

Kwa wasiojua: kwetu mkwe hapiti kama mpita njia. Akifika anakaa. Anapikiwa, anaombewa, anaulizwa ukoo wake mpaka babu wa babu. Kuondoka kesho yake ni matusi, siku tatu ndiyo heshima ndogo kabisa. Na mbele ya mama mkwe ni suruali ndefu na shati la mikono mirefu, khalas, hakuna mjadala.

Jioni nikampa orodha. Nyumba kumi na moja.

Akahesabu kwa vidole. Akarudia. Leave ilikuwa inaisha, na Wau hata harufu yake hajaisikia.

"Hatuwezi kupita kimya kimya?"

Kabla sijajibu, simu yake ikalia. Shangazi wa Rokon. "Mkwe wangu, mbuzi tumeshamfunga. Maini unakula?"

Okello akaaga. Chai aliiacha nusu.

Nilidhani mume wangu angebaki nyumbani ananuna. Lakini mbuzi akishafungwa kwa jina lako, huwezi kutuma malesh, yaani samahani, kwa simu. Na mama akaongeza lake: asije bila mjukuu.

Jumatatu akapanda gari na Joyce mapajani. Mimi nikaenda kozini.

Sasa ni wiki ya pili, nashona kola. Jana alipiga akiwa nyumba ya nne, ananong'ona. Amechoka kula. Mjomba anamwamsha alfajiri kwa maombi. Joyce hataki kurudi Juba.

Nikamwambia awasalimu wote.

Msidhani nimemsamehe. Kozi tulikubaliana, sikupaswa kuipata kwa kuvizia kama mwizi wa kuku.

Nilichojifunza: mume akitaka kukukimbia, usimzuie mlangoni. Mtafutie pa kulala.

Haya, wanaume wa humu najua mmeshakunja ngumi. Semeni. Na kina mama, ninyi mngefanyaje?