Nusu ya Kichwa

Sikufuga nywele kwa urembo. Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na kisogo changu kilikuwa kimejaa vipele vigumu kwa sababu ya kunyolewa kwa mashine kila baada ya wiki mbili tangu nianze kazi ya ofisi mjini Nyeri. Daktari aliniambia niache wembe na mashine kabisa, angalau nusu mwaka. Mwezi huohuo mkataba wangu wa kazi ukaisha bila kuongezwa, nami nikarudi Naro Moru kukaa na mama, ambaye dada yangu alisema ameanza kusahau sufuria motoni. Basi nywele ziliota kwa sababu mbili: maradhi ya ngozi na kukosa bosi.

Nywele zangu ni za kipilipili hasa, zile zinazojikunja tangu zinapotoka kichwani na kung'ang'aniana. Mwanzoni nilizichana zikiwa kavu, asubuhi, kwa hasira, kwa kitana kidogo cha mfukoni, mpaka kitana kikavunjika meno. Msusi mmoja wa Nyeri, msichana mwenye subira nyingi, alinicheka kisha akanifundisha. Maji kwanza. Halafu mafuta, ya parachichi au ya nyonyo, si mengi. Ugawe kichwa mafungu manne na kuyabana. Vidole vitangulie, vitafute fundo na kulifungua, ndipo chanuo la meno mapana lifuate, likianzia kwenye ncha na kupanda taratibu hadi kwenye ngozi. Ukianzia kwenye ngozi unayasukuma mafundo yote yakutane mahali pamoja. Kosa langu lilikuwa hilo, na nililifanya kwa nguvu.

Sasa niseme jambo moja la kwetu, maana bila hilo haya mengine hayaeleweki. Mtoto wa pili wa kiume hupewa jina la baba wa mama yake. Na hatusemi amepewa jina tu. Tunasema ni yeye. Kwa hiyo mama ameniita "baba" tangu nikiwa nanyonya. Baba, kuja ule. Baba, umekojolea kitanda tena. Wanawake wa kanisani walimtania, wakimwuliza kama babake amemaliza kazi ya shule. Nilikua nikijua kwamba mimi ni mtoto wa mama na pia ni mzazi wake, na sikuona ajabu yoyote.

Hapo ndipo tulipokosea sote. Mama alipoanza kunichukua kuwa babake kweli, hakuna aliyegundua, kwa sababu neno lilikuwa lilelile. Dada yangu alipopiga simu na kumwuliza yuko na nani, mama alijibu kwamba yuko na baba, na dada akafurahi kwamba kumbukumbu bado iko.

Mchana mmoja nilikuwa nimekaa kwenye kigoda nje, upande wa jua, nikihangaika na kisogo. Mama akatoka jikoni, akaninyang'anya chanuo. Vidole vyake, ambavyo siku hizo vilishindwa hata na vifungo vya sweta, viliijua kazi hiyo. Alianza upande wa kushoto, akafungua fundo moja baada ya jingine, nami nikaanza kusinzia kwa raha. Alipofika katikati ya utosi akasimama. Akaweka chanuo chini, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilidhani amechoka. Kesho yake ikawa vivyo hivyo, na kesho kutwa pia: upande wa kushoto umelainika na kusimama, upande wa kulia umeshikana, mlango umefungwa. Nilimalizia mwenyewe mbele ya kioo. Sitaficha, nilianza kukiogopa kile kioo. Kichwa cha nusu nusu kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu huyo alinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyemkawiza. Hata dukani nikawa naenda na kofia.

Babu sikumwona. Nilijua tu kwamba alikuwa akiwabebea mizigo wageni wanaopanda mlima, na kwamba alifia huko juu mama akiwa msichana mdogo. Nyumbani habari hiyo haikuzungumzwa, na mtoto aliyeuliza alitumwa kuni.

Wiki ya tatu nilichoka na kimya hicho. Niliposikia mkono wake umesimama utosini, niliushika kabla hajaondoka, nikamwuliza kwa nini haendelei. Kisha akanieleza, na alinieleza kana kwamba mimi ndiye babake, niliyekuwepo. Kwamba nilikuwa nikishuka mlimani baada ya wiki mbili, kichwa kimeshinda ndani ya kofia ya sufu, nywele zimegandamana kama manyoya ya kondoo. Kwamba kuzifungua ilikuwa kazi yake, si ya dada zake, kwa sababu mkono wake haukuumiza. Kwamba siku ile wenzake walimwita wakacheze, naye alikuwa amefika nusu, akachoka, akaniambia nywele zangu ni za mwendawazimu na nijichane mwenyewe. Nilicheka, akasema. Nikavaa kofia juu ya ile nusu iliyobaki, nikaenda, kwa sababu wageni walikuwa wakingoja barabarani. Niliporudishwa nilikuwa nimefungwa ndani ya turubai, na watoto hawakuruhusiwa kukaribia.

"Nilikuacha hivyo," alisema. "Na umezunguka hivyo miaka yote, na hiyo baridi yote. Nikiangalia mlima nakuona."

Niliutazama mlima bila kutaka. Ulikuwa wazi siku hiyo, mweupe juu. Kumwambia kwamba mimi ni mwanawe kungekuwa kweli, na kungemwacha na ile nusu ya kichwa mpaka afe. Kumjibu kama babake kulinitisha. Nilihofu kwamba nikimpa marehemu sauti yangu, hatanirudishia. Lakini mama alikuwa akilia kama msichana wa miaka kumi, bila kujifuta, nami nilimkasirikia yule babu ambaye angeweza kungoja dakika ishirini.

"Malizia," nikasema. "Leo sina haraka."

Alichukua muda mrefu. Alirudia maji, alirudia mafuta, hakuvuta hata unywele mmoja. Vidole vyake vilishuka upande wa kulia, ambao havikuwa vimeugusa hata siku moja, vikapita nyuma ya sikio hadi kisogoni penye makovu, na hapo vikaenda polepole zaidi. Nilimwambia, kama babake, kwamba sikuwahi kukasirika. Nilisikia pumzi yake ikishuka. Kivuli cha nyumba kikatufikia, miguu yangu ikafa ganzi, sikusogea. Alipomaliza alinizunguka, akanitazama kwa mbele, akanyoosha kidogo juu ya paji.

"Sasa unaweza kwenda," akasema.

Nikaelewa kwamba ilibidi niende kweli. Nikatoka, nikatembea hadi mwisho wa shamba la viazi la jirani, nikasimama huko na nywele zangu zote zikipigwa na upepo, nikalia. Nilimlilia mtu ambaye sikuwahi kumjua. Nilikaa mpaka niliposikia jirani akiita ng'ombe wake kukamuliwa.

Niliporudi, mama alikuwa ameketi palepale, mikono magotini, uso umetulia kwa namna ambayo sikuwa nimeiona maishani mwangu. Aliniangalia kwa adabu, akanisogezea kigoda.

"Wewe ni wa nani?" aliniuliza.

Nilimwambia mimi ni wake, mwanawe wa pili. Akatabasamu, akatikisa kichwa kwa kunihurumia.

"Wangu ananyoanga kichwa," alisema. "Ako na kazi Nyeri."

Nikamwuliza kama huwa anakuja kumwona.

"Atakuja akipata nafasi," akasema, na alisema hivyo kwa kunitetea. Maneno hayo yalikuwa yangu. Nilimpa kwa simu kila mwisho wa mwezi kwa miaka kumi na tisa, na ndiyo yote aliyobaki nayo kutoka kwangu.