Sura ya Baba Mukubwa kwenye Kitenge

Juzi nilimwona jirani yangu Mwape akipangusa pikipiki kwa tisheti yenye sura ya depite, mbunge wetu wa jimbo. Nikacheka mpaka akauliza kama niko mugonjwa.

Nilikumbuka zamani nikiwa mtoto, hapahapa Likasi, wakati Baba Mukubwa Kabwe alikuwa anautafuta udepite. Aligawa vitenge vyenye sura yake. Fundi Ilunga akavishona bila kuangalia, na sura ikaangukia matakoni. Siku ya mkutano bamama walijaa mabenchi ya uwanja wetu, vitenge vipya vikinuka wanga kuliko karanga zilizokuwa motoni. Wakati ule niliamini kwamba mtu akikaliwa sura, anakosa pumzi popote alipo.

Nikapiga kelele: "Mama Ngalula, simama! Uko unamuua Baba Mukubwa!"

Wote wakasimama kwa haya, wakijishika nyuma. Hapo hapo Baba Mukubwa akaingia, akawaona wamesimama, machozi yakamtoka.

"Bamama, heshima hii sitaisahau!"

Akahutubia mpaka jua likashuka, na hakuna aliyethubutu kukaa tena.

"Huyu akipita," Mama Ngalula akamnong'oneza mama yangu, "miguu yetu itakwisha."

Hakupita. Hata Mama Mukubwa, mke wake wa ndoa, alimpigia kura yule mwingine, mwenye hotuba fupi.