Samaki Waliofia Kwenye Ndoo

Mama alikuwa ameacha kula. Si kususa, maana kususa kwake nakujua, ni bingwa. Huku kulikuwa kuacha kabisa. Mwezi wa Machi alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akarudi nyumbani kwetu Malvern, hapa Kanada, na tangu siku hiyo kila sahani niliyompelekea ilirudi jikoni vilevile ilivyotoka. Supu, uji, kichiri laini cha mchele na dengu, hata mtindi. Daktari hakuzunguka: akizidi kupungua atarudi hospitali, alishwe kwa mpira wa puani. Mama alisikia, akasema afadhali afe. Na mama yangu hasemi jambo ili kujaza mazungumzo tu.

"Basi nikupikie nini?" nikamuuliza. Nilimuuliza kwa ukali, nakiri. Hasira zangu hukaa mlangoni, hazisubiri kuitwa.

Akafikiri. "Samaki wa ziwani," akasema. "Mbichi. Si yule wenu wa barafu."

Sisi ni Makhoja wa Mwanza, Mashia, na mama amekuzwa kwa sato wa ziwani. Kwetu samaki ana masharti mawili: awe na magamba, na atolewe majini akiwa hai, afie nje. Kambare hajawahi kuingia jikoni mwetu, ingawa majirani walikuwa wakimsifia mpaka sisi watoto tunameza mate. Mimi mwenyewe, baada ya miaka ishirini na ushei Kanada, masharti hayo nilikuwa nayajua kama namba ya simu ya nyumba ya zamani: unaitaja bila kufikiri, na huipigi.

Dukani niliuliza samaki wa ziwani, nikaonyeshwa minofu kwenye plastiki. Minofu haina magamba ya kuonyesha wala historia ya kueleza. Mfanyakazi mwenzangu ndiye aliyeniambia kwamba mwanzoni mwa Mei, samaki anayeitwa krapi husogea kwenye magati ya mashua, karibu kabisa na watu. Nikatazama picha yake kwenye simu. Magamba anayo. Nikakata leseni ya uvuvi, nikanunua fimbo na ndoana, na Jumamosi asubuhi nikawa nimesimama kwenye gati la mbao katika ghuba moja mashariki mwa mji, narusha mshipi kwa nguvu zangu zote kuelekea katikati ya ziwa.

"Unavua ndege?" mtu akaniuliza kwa Kiingereza.

Alikuwa mama mmoja wa Kifilipino, rika langu, amekaa kwenye kiti cha kukunja, amevaa kofia ya sufu. Ndoo yake ilikuwa na samaki wanne. Yangu ilikuwa na upepo. Nilitaka kumjibu vibaya, lakini wale samaki wanne walinifunga mdomo.

Akanionyesha chini ya miguu yetu. Wapo hapa, akasema, chini ya mbao. Majira haya jua hupasha moto maji ya kina kifupi kwanza, vidagaa hukimbilia huko, na krapi huwafuata. Mchana hujibanza kwenye kivuli cha gati. Tena macho yake hutazama juu, kwa hiyo chambo lazima kining'inie juu ya kichwa chake. Ukikishusha chini yake, hakioni.

Lo! Samaki asiyetazama chini! Nilisahau kwa dakika kadhaa kwamba nina mgonjwa nyumbani. Nilipiga magoti nikachungulia kwenye nyufa za mbao kama mtoto. Sikuona samaki, niliona maji ya kijani na nguzo zenye ukoga, lakini nilitaka kujua kila kitu. Wanalala? Wanajuana? Yule mama akacheka, akasema yeye anachojua ni kuwakaanga.

Nikateremsha chambo kwenye kivuli, taratibu. Boya dogo la mshipi halikuzama. Lililala ubavu, basi. Nikasubiri lizame. "Vuta!" akanifokea. Kumbe krapi akimeza chambo hupanda nacho, mshipi unalegea, na boya linakosa uzito wa kulisimamisha. Nikavuta kwa hasira zangu zote, ndoana ikarudi tupu. Mdomo wa krapi ni mwembamba kama karatasi, ukivuta kwa pupa unachanika. Watatu wa kwanza niliwachana hivyo. Wa nne nilimvuta kama mtu anayetoa uzi kwenye sindano, akaja: bapa, mweupe wa fedha, madoadoa meusi mwili mzima. Nikamkwaruza kwa ukucha. Gamba likatoka. Alhamdulillah.

Hadi saa saba mchana nilikuwa na sita. Nilifanya kama mwenzangu alivyofanya: nilijaza ndoo maji ya ziwa, nikawatia humo wakiogelea, ili wafike kwa mama wakiwa wabichi kuliko ubichi wenyewe. Nilijiona mjanja kweli. Njiani foleni ilikuwa ndefu, na nilipofungua buti ya gari wote sita walikuwa wanaelea, matumbo juu. Nikasema si kitu, wamekufa sasa hivi tu.

Nikaiingiza ndoo hadi chumbani. Mama aliinuka kwa kiwiko, akanusa, akatumbukiza mkono akapapasa magamba. Akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu kabla ya upasuaji.

"Wazuri," akasema. "Wamefia wapi?"

Nilielewa palepale. Ndoo ilikuwa na maji; walikuwa wamefia majini. Ningeweza kusema nje. Aliyeona ni Mungu na yule Mfilipino, na Mfilipino hana simu ya mama. Sahani moja ya samaki ilikuwa inatenganisha mama yangu na ule mpira wa puani, na kilichohitajika ni neno moja tu la uongo. Nikafungua mdomo niliseme, halafu nikaona mkono wake bado umo ndani ya maji, unangoja.

"Kwenye ndoo, Mama."

Akautoa mkono, akaufuta kwa taulo, kidole kimoja kimoja. "Basi hao si wetu."

Ebo! Nililipuka. Nikamwambia nimesimama kwenye baridi kwa saa tano nzima. Nikamwambia magamba wanayo, hai walitolewa, kosa ni la ndoo, si lake, na mgonjwa ameruhusiwa na dini! Nikamwambia atakufa kwa njaa kwa ubishi wake na mimi sitamsamehe. Hilo la mwisho nilikuwa namaanisha.

Aliniacha nimalize. "Aliyeruhusiwa ni asiye na kingine," akasema. "Kwani ziwa limekauka? Kesho nipeleke."

Nikawapeleka samaki kwa jirani. Na kesho yake, Mungu anisamehe, nikamtoa mgonjwa kitandani, nikamvalisha makoti mawili, nikamsukuma kwenye kiti cha magurudumu mpaka gatini.

Mfilipino alikuwepo. Alipomwona mama akasogeza kiti chake, akatuachia kona yenye kivuli. Nikamweleza habari ya ndoo huku nikiogopa atacheka. Hakucheka. Aliuliza kwa nini, na hapo nikagundua kwamba mimi sijawahi kuuliza.

"Mama, anauliza kwa nini lazima afie nje."

Mama alitazama maji kwanza. "Mbuzi unamchinja, unajua umemuua wewe. Samaki hachinjwi. Angalau umtoe mzima, ujue ni mkono wako. Usiwe umeokota tu." Sijui kama masheikh wanasema hivyo. Nilimtafsiria yule Mfilipino, akaitikia kwa kichwa polepole, akaitazama ndoo yake.

Tulikaa zaidi ya saa nzima bila kitu. Upepo ukageuka, midomo ya mama ikaanza kuwa ya kijivu. Nikasema turudi. Akasema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wewe umesimama wima kama askari. Inama." Nikainama, nikakipitisha chambo ndani kabisa, chini ya mbao.

"Limelala!" mama akapiga kelele. Kweli, boya lilikuwa limelala, na yeye aliliona kabla yangu. Nikavuta polepole, huku nikiuomba ule mdomo usichanike.

Mmoja. Mmoja tu. Nilimweka kwenye kapu kavu miguuni pa mama, akawa anapigapiga mkia. Mimi niligeuza uso. Mama hakugeuza. Alimtazama mpaka alipotulia, kisha akaniambia twende.

Nyumbani nilimpaka yule samaki manjano, chumvi na ndimu, nikamkaanga mzima na kichwa chake, nikampelekea. Mama akasema bismillah, akamega kwa vidole, kipande cha ukubwa wa ukucha. Akatafuna muda mrefu. Akamega kingine. Akageuza ubavu wa pili, akachokonoa shavu, akavuta mfupa na kuunyonya.

"Chumvi imezidi," akasema kwa ukali, mdomo umejaa.

Nikaegemea mlango nikalia kwa sauti, mwiko ungali mkononi.

"Sasa unalia nini wewe? Lete ndimu."